Mwenye Kiwanda Aanze

Wale waliozoea kuisema vibaya nchi yetu watafute kazi nyingine leo, maana mimi nimekuja na habari za maendeleo. Naandika juu ya Eneo la Viwanda la Itobolo, ambalo juzijuzi tu lilikuwa mashamba ya alizeti na watu wenye vichwa vigumu, na sasa biashara zinakua pale mpaka nchi jirani zimeongeza walinzi mpakani. Nimeyaona yote kwa macho yangu. Nilikuwa Ofisa Shangwe wa Eneo. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti, kuwaambia wananchi wakati wa kupiga makofi, na kuwaambia wakati wa kuacha. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu mtu anayeogopa hapendi kuwa wa kwanza kunyamaza.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Jamhuri ya Utulivu Mkuu ni nchi isiyo na vita. Jeshi letu halijawahi kuvuka mpaka kwenda kumpiga mtu. Linao wananchi wa kutosha hapa hapa.

Eneo lilianza kwa kusafisha ardhi. Matingatinga yalikuja asubuhi, watu wakiwa wanakunywa uji. Wapo wanaodai kwamba wananchi hawakupewa taarifa. Huo ni uongo mtupu, tingatinga la mbele lilipiga honi. Mzee Shigela alikataa kutoka mlangoni kwake, basi akatolewa pamoja na mlango. Mlango ulibaki mzima kabisa na unatumika hadi leo katika ofisi ya usalama. Mzee Shigela mwenyewe alivunjika nyonga, akakaa juani siku nzima akiita watoto wake, na watoto wake walikuwa wamelazwa kifudifudi barabarani, askari wakiwa wamewakanyaga shingo ili wasisumbue wapima ardhi. Jioni akanyamaza. Nilitangaza kwamba ametoa mchango wake kwa taifa, na watu walipiga makofi vizuri sana kwa mara ya kwanza.

*

Siku ya kuweka jiwe la msingi alikuja Waziri wa Ustawi wa Viwanda, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ndakama. Alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutuliza, kama ya daktari anayekwambia hutasikia maumivu. Alisimama chini ya turubai, akafuta jasho, akauliza:

"Ndugu zangu wa Itobolo, biashara ni nini?"

Nikawapa ishara wasijibu.

"Biashara ni mteja! Sasa mteja wa kijijini ana nini? Fedha hana. Ardhi hana, tumeshaichukua. Wataalamu wengine wangekata tamaa hapo. Mimi nilikaa, nikafikiri, nikagundua kwamba mwananchi wetu, hata awe maskini kiasi gani, ana mgongo! Ana mbavu! Ana magoti! Hiyo ni mali, ndugu zangu, na tumekuwa tukiichezea."

Ndipo alipoutangaza Mnyororo. Vitajengwa viwanda vinne mstari mmoja, mlango ukitazamana na mlango. Cha kwanza ni cha virungu. Cha pili ni cha bandeji. Cha tatu kitatengeneza magongo ya kutembelea, na cha mwisho majeneza. Mteja ataingia upande huu akiwa mzima na atatokea upande ule akiwa amehudumiwa na viwanda vyote, bila kupanda gari. Hakuna kitakachoagizwa nje. Virungu vitakuwa vya mpingo wetu wenyewe na mgongo utakuwa wetu wenyewe.

"Na nasema mbele yenu, redio ikiwa inasikia," akamaliza, "Mnyororo huu usikatwe katikati! Mteja akishaingia mlango wa kwanza, atoke mlango wa mwisho. Atakayemtoa njiani ni mhujumu uchumi!"

Nikanyanyua mkono. Watu wakapiga makofi.

*

Hapa lazima nieleze tabia moja ya watu wa Itobolo, la sivyo mtawaona wabaya.

Itobolo hakuna mtu anayepokea kitu kabla mwenyewe hajaanza. Mama akipika uji huuonja mbele ya watoto. Mwenye pombe hunywa kibuyu cha kwanza wageni wakimtazama. Ukimwuzia mtu jembe, unalima nalo tuta zima kwanza, na ukimwuzia kitanda unalala juu yake. Na kuanza tu hakutoshi. Mwenyewe akishamaliza lazima atamke kwa kinywa chake, "Karibuni, ni salama." Asipotamka, hakuna mkono unaonyooshwa, na kitu hicho kinamwagwa nje ya uzio, hata kama kilikuwa pilau.

Niliijua tabia hiyo kwa Bi Nyamizi. Yeye na mumewe Lutambi walikuwa na kinu cha kukamua alizeti. Matingatinga yalikisukuma hadi nje ya geti la Eneo, na wao wakakifuata huko huko, wakakiinua, wakaendelea kukamua kandokando ya barabara. Lutambi alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuuliza maswali. Bi Nyamizi hakuuliza. Ukifika kununua mafuta, anafungua chupa, anachovya kidole, analamba akikutazama machoni, halafu anasema, "Karibu, ni salama." Hata Mkuu wa Eneo, Kanali mstaafu Ngwengwe, ambaye hakuwahi kungoja kitu maishani, alikuwa akisimama pale na kungoja alambe.

Kiwanda cha bandeji kilipofunguliwa, watu waligawiwa bandeji za bure wakazitazama tu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kanali alikasirika, akaamuru wachapwe, wakachapwa, damu ikawatoka, na bado hawakuzigusa. Mama mmoja aliyepasuka juu ya jicho alikaa na bandeji mpya mapajani huku damu ikimdondokea kifuani. Mwishowe nikamnong'oneza Kanali. Akafungwa bandeji kichwani mbele ya umati, akasema kwa hasira, "Karibuni, ni salama!" Mara moja wote wakazichukua, na yule mama akashukuru.

Gazeti la serikali lilitoa picha ya Kanali ukurasa wa mbele. Basi akanogewa. Kiwanda cha magongo kilipofunguliwa alizunguka uwanja mzima akitembelea magongo na kuchechemea kwa ufundi mkubwa. Kwenye majeneza alilala ndani, akafungiwa kifuniko, tukasikia akikoroma, na alipotoka alisema ni salama na tena lina nafasi kuliko kitanda chake. Waziri alifurahi kule mji mkuu. Alisema redioni kwamba serikali yake inaheshimu utamaduni, na kuanzia siku hiyo itakuwa sheria katika jamhuri nzima, kila kiwanda kikifunguliwa mwenye kiwanda aanze.

*

Tatizo lilikuwa moja. Viwanda vitatu vilikuwa tayari, lakini cha virungu kilichelewa, kwa kuwa mashine ya kukereza mbao ilikuwa imekwama bandarini. Bandeji ziliota ukungu. Mchwa wakaanza kula majeneza. Wananchi wa Itobolo, kwa ubinafsi wa ajabu, walibaki wazima.

Kanali hakukaa bure. Aliajiri vijana wa hapo hapo kijijini, maana Eneo lilikuwa limeahidi ajira, akawaita Askari wa Ukuaji. Virungu vikiwa havijatoka, walifanya mazoezi kwa michi ya kutwangia iliyochukuliwa majikoni mwa mama zao. Walianza na magunia ya pumba, wakaenda kwa mbuzi, halafu wakapangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake.

Kanali alikuwa mwalimu mkali, na niseme ukweli, alikuwa mwalimu mzuri. Alichowafundisha hakikuwatoka kichwani. Kwanza, hakuna kupiga nusu, anayepiga nusu atapigwa kamili. Pili, mteja atasema inatosha, na hiyo ni dalili kwamba bidhaa inafanya kazi. Tatu, na hili alilirudia kila siku, mtu yeyote akipaza sauti "Acheni!" wasiache. Alikuwa akiwajaribu. Katikati ya zoezi alipiga kelele, "Acheni! Mimi Kanali nasema acheni!" na yule aliyeacha alilazwa chini na wenzake wakamgeukia. Kijana Makwaya aliacha siku moja, kwa sababu mwenzake wa zoezi alikuwa binamu yake na alikuwa anatapika damu. Walimtoa jicho la kushoto. Tangu hapo Makwaya hakuacha tena, na alipandishwa cheo akawa kiongozi wa kikosi.

Nilikuwa nikipita uwanjani nasikia ile milio mizito ya michi juu ya nyama, na chakula kilikuwa kinanishinda. Nalisema hili wazi ili msinidhanie mimi ni jiwe. Lakini ratiba ilikuwa inakwenda vizuri.

*

Mashine ilipofika, Kanali aliitisha mkutano kuwashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Akauliza kama kuna mwenye swali. Katika nchi yetu huo ni utaratibu wa kufunga mkutano tu. Lutambi akasimama.

"Mheshimiwa Kanali, shikamoo."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nakaa sasa hivi. Nilitaka kujua tu. Tumeletewa kiwanda cha kirungu, na cha bandeji, na gongo, na jeneza. Alizeti yetu imeoza mashambani. Hivi haikuwezekana kimoja kikamue alizeti?"

Watu waliinamisha vichwa. Kanali alimtazama kwa upendo, kama mtu aliyepata alichokipoteza.

"Wewe," alisema, "ndiye Mteja wa Kwanza."

Kabla Lutambi hajakaa, Makwaya alikuwa ameshampiga mchi wa tumbo. Alikunjamana. Wakamshika miguu, wakamburuta uwanjani kichwa kikigonga mawe, Bi Nyamizi akiwafuata bila kelele, ameokota kiatu kimoja cha mumewe. Kanali alinipa kipaza sauti nifafanue. Nikafafanua kwamba siku ya ufunguzi, mbele ya wawekezaji kutoka ng'ambo, Ndugu Lutambi atapewa heshima ya kupita Mnyororo mzima, mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa sasa atatunzwa katika stoo ya majeneza.

Bi Nyamizi alinifuata ofisini.

"Bwana Shangwe, mume wangu atarudi?"

"Mama, mumeo anaingia kwenye historia."

"Mlango wa mwisho ni wa majeneza."

"Ndiyo, mama."

"Hao wa majeneza wana namna ya kumpa mtu jeneza na asibaki ndani?"

Nilimwambia hilo ni swali la kitaalamu. Nikamwomba awe mzalendo. Alikaa amekishika kile kiatu, akikifuta vumbi kwa kanga. Machozi yalimtoka.

"Nataka mume wangu arudi kwenye kinu chake. Sitaki kingine," alisema. Halafu akauliza, "Hiki cha virungu, mwenyewe ni nani? Ni Kanali?"

"Hapana, mama. Vile vitatu Kanali alisimama kwa niaba. Hiki ni cha Mheshimiwa Waziri binafsi. Jina lake limechongwa kwenye jiwe."

"Basi ataanza."

"Lazima aanze. Ni sheria, aliitangaza mwenyewe." Nilijisikia vizuri kumpa jibu moja la uhakika siku hiyo. Na kwa kuwa mimi ni mtu makini, nilikwenda nikaliweka katika ratiba, kati ya wimbo wa taifa na chakula cha mchana.

*

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali. Wawekezaji walikaa chini ya turubai wakipepewa. Wananchi walikuwa uwanjani tangu alfajiri, wamezungukwa na Askari wa Ukuaji, kila askari ameshika kirungu kipya cheusi cha mpingo kinachong'aa.

Lutambi aliletwa akishikiliwa makwapani. Midomo ilikuwa imevimba, jicho moja limefumba, vidole vya mkono wa kulia vimekaa upande usio wake. Alikuwa amevalishwa fulana nyeupe iliyoandikwa MTEJA KWANZA. Alimtafuta mkewe katika umati, akampata, akajaribu kutabasamu, na damu ikamwagika kidevuni. Bi Nyamizi alikuwa mstari wa mbele.

Waziri alihutubia kwa muda mrefu. Alisema Itobolo sasa ni jina linalotajwa katika mikutano mikubwa. Akanyoosha mkono kuelekea lile jiwe lenye jina lake.

"Kiwanda hiki ni cha nani?"

Nikanyanyua mkono.

"Ni chako!" wakaitikia.

"Sijasikia! Ni cha nani?"

"Ni chako!"

Alifurahi hadi akakohoa. Wimbo wa taifa ukapigwa. Nikatazama ratiba yangu, nikasogeza kipaza sauti karibu, nikasema kwa sauti yangu nzuri ya sherehe, "Na sasa, kwa mujibu wa sheria na mila, mwenye kiwanda aanze."

Waziri alimgeukia Kanali.

"Anasemaje huyu?"

"Ni utamaduni tu, Mheshimiwa," Kanali alinong'ona, nami nilisikia kwa sababu kipaza sauti kilikuwa wazi. "Ni kwa ajili ya picha. Mimi nililala kwenye jeneza, gazeti likanitoa ukurasa wa mbele."

Waziri aliwatazama wapiga picha. Akavua koti, akamkabidhi Kanali, akajipigapiga kifua kwa mzaha, wawekezaji wakacheka. Alisogea mbele ya kikosi, akatanua mikono.

"Haya vijana," alisema, "fanyeni kama mlivyofundishwa."

Makwaya alimwangalia kwa jicho lake moja. Ni kijana wa Itobolo yule, amekua akimwona mama yake anaonja. Hakuona ajabu yoyote. Akainua kirungu kwa mikono miwili na kukishusha kwenye mtulinga wa Waziri, ule mfupa wa bega, na mlio wake ulikuwa mkavu, ukafika hadi nyuma ya umati. Waziri alipiga magoti. Bado alikuwa anatabasamu, uso ulikuwa haujapata habari.

"Inatosha," alisema.

Kikosi kizima kilisogea. Bidhaa ilikuwa inafanya kazi. Walimpiga mbavu, wakampiga magoti, yale yale aliyoyataja katika hotuba, na hakuna aliyepiga nusu. Wawekezaji walipiga makofi wakidhani ni ngoma ya asili. Kanali ndiye aliyeelewa kwanza. Alijitupa katikati, koti la Waziri mkononi, akipiga kelele, "Acheni! Mimi Kanali nasema acheni!"

Hawakuacha. Walikuwa wamekwisha kujaribiwa mara nyingi kwa maneno hayo hayo. Mmoja wao alikuwa analia kwa sauti, machozi na kamasi zikimchuruzika, na anapiga. Makwaya alimgeukia Kanali, akampiga kirungu cha mdomo, meno yakatawanyika juu ya koti, na pigo la pili likampata nyuma ya sikio. Kanali alianguka na hakupaza sauti tena.

Kazi yangu ni kuwaambia watu wakati wa kuacha. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Mkono mwingine ulikuwa huru. Niliogopa, basi. Niliogopa na sikuunyanyua.

Mteja alikuwa ameshaingia mlango wa kwanza, na kila mfanyakazi alikuwa ameisikia redio. Walimbeba hadi mlango wa pili. Wanawake wa bandeji walimfunga kwa uangalifu kuanzia kichwani kushuka miguuni, mdomo pia, kwa kuwa nao ulikuwa unavuja damu. Mlango wa tatu walimfunga magongo makwapani, wakamsimamisha, akaanguka, wakaandika kwamba amehudumiwa. Mlango wa mwisho wakamlaza ndani ya jeneza, wakafunga kifuniko, wakarudi nalo uwanjani ili watu waone Mnyororo umefanya kazi.

Kutoka ndani kulisikika kubisha. Polepole, kwa kitu kama kiwiko.

Fundi wa majeneza alikuwa na misumari mdomoni na nyundo mkononi. Alisita, akanitazama. Nilifikiria sheria, na mhujumu uchumi, na Makwaya aliyekuwa amesimama karibu yangu akihema. Nikawageukia wananchi, nikanyanyua mkono. Wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu sana, nyundo ikafanya kazi yake chini ya makofi hayo, na niliposhusha mkono hakuna aliyekuwa anabisha.

Ndipo Bi Nyamizi akatoka mstari wa mbele. Alitembea hadi kwenye jeneza, akainama, akaliuliza kwa adabu:

"Mwenyewe umeanza. Ni salama?"

Tulingoja wote. Itobolo nzima ilingoja, na askari nao, virungu mikononi, shingo zimeelekea kwenye lile sanduku. Inzi walikuwa wameshafika. Jeneza halikusema kitu.

"Hajatamka," alisema Bi Nyamizi. "Basi hatupokei."

Alimwendea mumewe, na wale waliokuwa wamemshika wakamwachia bila kuambiwa. Akamvua ile fulana taratibu, akizungusha mkono uliovunjika ndani ya kitambaa, akaitandika juu ya jeneza. Askari walikwenda hadi kwenye uzio na kutupa virungu vyao nje, kimoja kimoja, kama unavyomwaga chakula kilichoharibika, huku wakifuta mikono kwenye suruali. Lutambi akaondoka amemwegemea mkewe. Niliwatazama hadi wakakipita kinu chao na kuingia kwenye alizeti.

*

Serikali ilitangaza kwamba Waziri amefariki kwa furaha ya mafanikio. Kanali naye alifariki kwa furaha hiyo hiyo, siku mbili baadaye.

Halafu jeshi likaja Itobolo kutoa rambirambi. Nyumba zilizokuwa zimebaki zilichomwa, nyingine zikiwa na watu. Askari wa Ukuaji walipelekwa kwenye korongo kwa mafunzo ya juu, milio ikasikika, na bado hawajarudi. Mama yake Makwaya huenda pale na bakuli la uji, anaonja, anasubiri, anaumwaga. Bandeji zilikwisha katika wiki moja. Magongo yalikwisha. Majeneza yalitengenezwa usiku na mchana, na mwisho watu wakalazwa wawili wawili. Hapo ndipo biashara zilipokua kweli. Wawekezaji waliopata mshtuko siku ya ufunguzi waliona takwimu, wakarudi.

Ikaamuliwa kijengwe kiwanda cha pili cha virungu, kikubwa zaidi. Hapo kikatokea kikwazo. Ile sheria ya mwenye kiwanda aanze haikuweza kufutwa, kwa sababu marehemu aliitamka redioni, na sauti yake sasa inapigwa kila asubuhi kabla ya habari kama wosia kwa taifa. Kwa hiyo katika nchi yetu wakubwa wote wameacha kumiliki vitu. Uliza kiwanda cha saruji ni cha nani, kila mtu atakutajia mwenzake. Niliona kwa macho yangu mabwana wenye heshima wakifuta majina yao kwenye mawe kwa patasi.

Walitafuta mwenye kiwanda mwaminifu, mwenye rekodi safi, ambaye mkono wake unajua kutii. Wakanipata mimi.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nimepewa nyumba ya vigae na gari, na jina langu limechongwa kwa herufi za dhahabu. Virungu vya sasa vina chuma ndani. Ufunguzi ni kesho. Na Mteja wa Kwanza amepatikana, ni yule yule Lutambi. Walimkuta kwenye alizeti, mkono ukiwa umeanza kuunga, wakauvunja tena ili asipigane. Yuko stoo.

Leo asubuhi Bi Nyamizi amekuja kwangu. Amekonda, lakini kanga yake ilikuwa safi. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri la kumkatalia, lenye maneno kama taifa na subira. Hakuomba chochote.

"Jina lililo kwenye jiwe ni lako?" aliuliza.

"Ni langu, mama."

"Si kwa niaba?"

"Mimi mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akatoa chupa ya mafuta chini ya kanga, akaifungua, akachovya kidole, akalamba akinitazama machoni. "Karibu, ni salama," akasema. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na kiu ya maongezi, kwa hiyo nikamwambia kitu kimoja kinachonisumbua, kwamba tangu nipandishwe cheo sijui nani atashika kipaza sauti kesho, awaambie watu wakati wa kuacha.

"Nimeomba mimi," alisema. "Wamenipa."

Nikampongeza. Nikamwuliza kama anaijua kazi yenyewe.

"Nilikutazama ukiifanya," akasema.